Kigoda Kisichokaliwa

Wapendwa, leo sitawaweka muda mrefu. Nawaona wazee wangu mmeshaanza kutazamana, mnanijua. Lakini leo ni kweli. Nina mfano mmoja tu, halafu tutasoma majina ya vijana wetu waliofia vitani, kama tulivyozoea kufanya kila Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Mfano huu msiutafute kwenye ramani. Wala msinisubiri nje baada ya ibada kuniuliza ni usharika gani na ni mama wa nani. Ni mfano. Ukiona umekugusa, kaa nao kimya, usimpige jirani yako kiwiko ukidhani nimemsema yeye.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyeishi milimani kwenye baridi, kule ambako Desemba mvua hainyeshi kwa kishindo, inakaa tu juu ya watu kutwa nzima mpaka nguo zilizoanikwa Jumatatu zinaanuliwa Ijumaa zikiwa bado mbichi. Alilima viazi na njegere. Alikuwa na nguruwe wawili na sauti nzuri ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama. Na alikuwa na watoto wawili, binti mmoja, na kijana wa kiume ambaye tutamwita Andulile. Mimi huwa siwapi watu wa mfano majina. Huyu nimempa, maana mtu aliyekufa vitani asipokuwa na jina anageuka kuwa hesabu tu.

Vijana saba wa usharika ule waliingia jeshini. Wakapelekwa pamoja, kikosi kimoja, nchi ya jirani iliyokuwa na vita, kulinda watu waliokimbia makwao. Waliandika barua. Walituma salamu za Krismasi mapema, kama mtu anavyofanya akijua posta ya kule inatembea kwa miguu. Siku tatu kabla ya sikukuu, asubuhi, saa ya chai, kambi yao ikashambuliwa.

Kati ya wale saba, sita walirudi ndani ya masanduku yaliyofunikwa bendera. Mwaka ule milimani hapakuwa na Krismasi. Nguruwe walionenepeshwa kwa ajili ya sikukuu walipikwa msibani, na nguo mpya za watoto zilibaki kwa fundi mpaka Februari.

Mmoja alirudi kwa miguu yake. Huyo tutamfikia.

Mwaka uliofuata wazee wa usharika ule walifikiri, wakaona vijana wao wasisahauliwe. Sasa kwao kule, kila mtu wa nyumbani ana kigoda chake jikoni. Ndipo anapoota moto, ndipo anapomenya viazi, ndipo anapokunywa chai na kusema maneno ambayo sebuleni hayasemwi. Ukiingia jikoni na ukaona kigoda kitupu, unajua ni nani hayupo. Basi wazee wakasema, kila familia ilete kanisani kigoda cha kijana wake, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Vipangwe mbele ya madhabahu. Majina yasomwe, watu wasimame, wakae, ibada iendelee. Vigoda sita vitupu, basi. Ilikuwa desturi nzuri. Nisikilizeni vizuri hapa, sijasema ni mbaya. Ningekuwa mimi mchungaji wao ningeikubali siku hiyo hiyo.

Ila yule mama hakuishia kanisani. Alipotoka ibadani mwaka ule wa kwanza, kigoda cha Andulile hakukirudisha jikoni. Alikipeleka chumbani kwa marehemu, kwenye sakafu ya udongo, akakiweka kwenye kona. Akafuma kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akakifunika. Akafunga dirisha. Akatoa amri nyumbani kwake, na ninyi akina mama mnajua amri ya mama nyumbani kwake ni kitu cha namna gani, kwamba kigoda kile hakuna kukikalia. Kinatoka mara moja kwa mwaka kwenda kanisani, kinarudi, kinafunikwa.

Kuna siku binti yake, dada yake Andulile, alikuja kumtembelea akiwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa mwaka mwingine, siku ya vigoda kanisani, na kigoda kilikuwa kimerudi lakini bado kiko jikoni, hakijapelekwa chumbani. Binti amechoka na mlima, miguu imevimba, akajiweka pale huku akivuta beseni la viazi amsaidie mama yake kumenya. Hakumenya hata kimoja.

"Inuka hapo," mama akasema.

"Mama, ni kukaa tu."

"Nimesema inuka. Hicho ni cha kaka yako."

Binti akainuka. Vigoda vingine vilikuwa na wageni. Akakaa chini, kwenye udongo, mgongo ukutani, na tumbo lake lile. Kigoda kikabaki kitupu mbele yake mpaka viazi vikaiva. Je, mama yule alikuwa mkatili? Hapana, jamani. Alikuwa anampenda mtoto wake, ndiyo shida yenyewe. Aliona mtu mwingine akikaa pale, hata aliyetoka tumboni mwake, ndiyo Andulile atakuwa amekufa kweli kweli.

Sasa tumfikie yule wa saba.

Yule wa saba alirudi, na sikio lake la kushoto halikurudi. Mshindo wa kombora siku ile ya shambulio ulilizima. Jeshi likamwachia aende nyumbani, akajifunza useremala, akafungua banda lake barabarani, karibu na ghala la pareto. Lakini watu wa kule hawakujua habari ya sikio. Walimsalimia upande wa kushoto, akapita kimya, wakasema, ona, anaringa. Na wengine walisema jambo baya zaidi. Walisema, wenzake sita wamekufa, yeye alikuwa wapi? Hamna aliyemuuliza mwenyewe. Lilikuwa ni swali la kuulizana wao kwa wao, wakishusha sauti anapopita, jambo ambalo kwa yule bwana halikuwa na haja.

Wiki ya pili baada ya mazishi, alikwenda nyumbani kwa mama Andulile. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

Mama alikuwa mlangoni. Hakuitikia. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akaishia kwenye viatu.

"Mama, nimekuja na neno."

"Umekuja kunionyesha miguu yako," mama akasema. "Nimeiona. Ni mizima. Nenda."

Hakumwambia karibu. Hakumwambia kaa. Ninyi mnajua, kwetu sisi mgeni hata akiwa amekuja kukudai deni, kwanza anavutiwa kiti. Na neno la msiba haliambiwi mtu amesimama. Anayesema anakaa, anayesikia anakaa, ndipo linasemwa. Kijana alisubiri kidogo, labda ataambiwa. Mvua ikaanza. Akavaa kofia yake, akaondoka na neno lake. Miaka minane ikapita.

Na miaka hiyo minane mama alikuwa na njaa moja. Alitaka kujua mtoto wake alikufaje. Jeshi lilimpa bendera iliyokunjwa vizuri na barua iliyosema alikufa kishujaa. Barua kama zile zilikuwa sita, na zote zilisema neno hilo hilo. Lakini mama hataki kishujaa. Mama anataka kujua, alikuwa amekula? Alikuwa na nani? Alisema nini mwisho? Mtu mmoja tu duniani alikuwa na majibu, na banda lake lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka jikoni kwake. Akienda sokoni, mama alipita njia ya juu, ya matope, asipite mbele ya banda lile.

Basi ikaja Jumamosi, kesho yake ndiyo Jumapili ya vigoda. Mama alikwenda chumbani asubuhi akiwa na maji na sabuni, kama kila mwaka. Akatoa kitambaa. Kigoda kilikuwa kinang'aa juu, safi kabisa. Akakishika ukingoni akiinue, na mguu mmoja ukabaki sakafuni. Haukuvunjika kwa sauti. Uliachia tu, ukalala, na ndani yake ulikuwa mtupu. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu na njia za mchwa.

Mama alikaa sakafuni pale, ameushika ule mguu. Aliogopa. Miaka yote alikuwa amekilinda na watu, si na mchwa.

Afanyeje? Kesho saa tatu vigoda vitapangwa, vitano vyenye miguu, na cha kwake? Apeleke kimeinama? Mjini ni mbali na ni wiki ya sikukuu. Seremala alikuwa mmoja. Mama akakifunga kigoda kwenye kitenge, akajitwika, akashuka na njia ya chini.

Pale bandani kulikuwa na pilikapilika za Krismasi. Kitanda cha bwana harusi kimesimamishwa ukutani, kabati la mtu halina milango, maranda yamejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Seremala alikuwa anapiga randa. Alipomwona anayeingia, aliizima redio, akavuta kiti, akakifuta kwa mkono.

"Shikamoo, mama. Karibu kiti."

"Marahaba. Sikuja kukaa."

Akafungua kitenge mezani. Seremala akakigeuza kigoda, akakigonga kwa kucha hapa na pale, akisikiliza kwa sikio lake moja. Aligonga mguu wa pili, aligonga wa tatu. Ile miguu miwili ilikuwa hai bado.

"Kinakaliwa na nani?"

"Hakikaliwi."

"Kabisa?"

"Miaka minane. Kimefunikwa, hakisogezwi ila siku ya kanisani. Hata vumbi halikigusi."

Seremala akapuliza udongo wa mchwa ukamwagika mezani. "Basi ndiyo sababu, mama. Kiti kinachokaliwa kila siku kinasogezwa. Leo kiko hapa, kesho pale, mtu anakiburuta kwenda motoni. Mchwa hapati nafasi ya kujenga. Kikikaa kona moja, gizani, kwenye udongo, anapanda kwa ndani taratibu, wewe juu unaona kitambaa."

Maneno yale yalimchoma mama. Kigoda kilikuwa mezani na tumbo wazi.

"Kinatengenezeka?"

"Kinatengenezeka. Watu wa vitanda watasubiri."

Akachukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha bwana harusi. Akakata, akachonga, akatoboa tundu kwa patasi, akajaribu, akachonga tena. Mama alisimama muda wote huo. Magoti yalimwuma, alikuwa na umri wa magoti kuuma, na kile kiti alichofutiwa kilikuwa hatua moja kutoka kwake. Hakukaa. Mnawajua watu kama hao? Mimi nawajua. Mmoja wao namnyoa ndevu kila asubuhi.

Seremala alipomaliza, alikiweka kigoda chini, akakitikisa, akageuka ili akikalie.

"Usikikalie," mama akasema.

Seremala akabaki ameinama nusu, kama mtu aliyeshikwa kiuno. "Mama, ni kazi. Kiti nisichokikalia hakitoki humu. Nikikosea, mtu akaanguka, nitasema nini?"

"Hakuna atakayeanguka. Hakikaliwi."

"Haidhuru. Mimi ndivyo nilivyofundishwa."

Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Mama angeweza kukinyakua akaondoka, na pengine angefanya hivyo, ila alikuwa amechoka. Miaka minane ni mingi. Seremala akajinyoosha, akarudi nyuma hatua moja.

"Basi kikalie wewe," akasema. "Wewe ni mama yake."

Hilo mama hakuwa amelifikiria. Miaka yote alikataza wengine, na mwenyewe pia hakukaa. Alikitazama kigoda. Akakusanya kitenge chake, akashuka polepole, mkono mmoja mezani, akakaa. Kigoda kikampokea. Hakikutikisika. Magoti yake yakapumzika.

Seremala naye akachuchumaa kwenye maranda, mbele yake, akageuza sikio la kulia.

"Sasa umekaa, mama," akasema. "Naweza kukuambia."

Mama akaitikia kwa kichwa, sema.

"Asubuhi ile nilitoka lindoni. Nilikuwa nimesimama tangu jioni ya jana yake. Nikaja pale tunapokunywia chai. Viti vyetu yalikuwa masanduku matupu ya risasi, na yote yalikuwa na watu. Andulile naye ndiyo kwanza amekaa, nilimwona mwenyewe akija. Kikombe hakijafika mdomoni. Akaniona nimesimama. Akainuka. Akasema, 'Kaa wewe, mimi nimekaa hapa tangu alfajiri, hata miguu imekufa ganzi.'"

"Alikuwa anadanganya," mama akasema.

"Alikuwa anadanganya, mama. Nilijua anadanganya, na nilikuwa nimechoka, nikakaa. Akachukua kikombe changu, akaenda kwenye sufuria anichotee. Sufuria ilikuwa upande wa geti. Kombora la kwanza likaanguka pale."

Mvua iliendelea. Seremala aliokota kipande cha maranda sakafuni, akawa anakikunjua.

"Wale wengine watano walianguka baadaye, tukilinda geti mpaka saa sita. Sikukimbia, mama. Lakini nimekaa miaka minane nikijua kwamba ningebaki nimesimama, ningekuwa mimi kwenye sufuria."

"Aliumia?"

"Hakupata hata muda wa kuumia. Kikombe changu bado kilikuwa mkononi mwake."

Na hapo yule mama alicheka. Msishangae. Alicheka kwa sababu alimwona. Kwa miaka minane alikuwa na picha ya shujaa wa kwenye barua, na sasa amerudishiwa mtoto wake mwenyewe, yule yule ambaye mgeni akiingia tu wakati wa kula, anainuka na kusema nimeshiba, na hajala hata tonge mbili. Alimgombeza kwa tabia hiyo mara ngapi? Alikuwa akimwambia, wewe utawapa watu mpaka shati la mwilini. Alicheka, halafu kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, amekaa pale pale kwenye kigoda, na mwenye kitanda cha bwana harusi aliyekuwa anakuja kuulizia kazi yake aligeuka mlangoni akarudi alikotoka.

Alipotulia akasema, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja, mama." Hakusema kwa ubaya. "Nilisimama uani. Sikuambiwa kaa."

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa mpaka madirishani, kama linavyojaa wakati wa sikukuu watu wakirudi kutoka mijini na viatu vyao. Vigoda vitano vikapangwa. Mama Andulile akaja na cha sita, safari hii bila kitambaa, na mguu wake mmoja mpya, wa rangi nyingine, ulionekana na kila mtu. Akakiweka kwenye mstari. Mchungaji akafungua karatasi ya majina. Watu wakasimama.

Mama hakurudi mahali pake. Alishuka katikati ya kanisa, taratibu, akipita benchi baada ya benchi, mpaka mlangoni. Yule seremala alikuwa amesimama pale, nusu ndani nusu nje, bega limelowa. Kila mwaka alisimama pale Jumapili ile, amegeuza sikio la kulia. Hakuna aliyewahi kumsogelea amwambie njoo ukae, na vitu vyenyewe alivyosimama kuvitazama vilikuwa viti. Mama akamshika mkono. Akarudi naye mbele, akamfikisha kwenye kigoda cha mtoto wake, akamwambia, "Kaa, mwanangu."

Kijana akakaa. Kanisa likanong'ona lote. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mzuri, mtunza desturi, akaondoka mahali pake akamwendea, akainama ili asimwaibishe.

"Mama Andulile, samahani. Hicho ni cha marehemu."

"Najua ni cha marehemu, mzee," mama akasema, na sauti yake ile ya kwaya ikafika mpaka mlangoni. "Marehemu alishampa."

Wapendwa wangu.

Yule kijana alikufa ameinuka ampe mwenzake kiti. Na mama yake, kwa upendo, kwa machozi, kwa mikono yake mwenyewe iliyofuma kile kitambaa, alimkumbuka kwa miaka minane kwa kuwanyima watu kiti kile kile. Alimnyima binti yake mjamzito. Alimnyima mtu ambaye Andulile alikufa akimhudumia. Na sisi je? Najiuliza mimi, nawauliza na ninyi, maana sisemi habari za watu wa milimani peke yao. Tunapowakumbuka wafu wetu, tunawakumbuka walivyokuwa, au tunakumbuka uchungu wetu tu na kuufunika kitambaa kizuri? Marehemu alikuwa anacheka, nyumba yake leo hairuhusiwi kucheka. Marehemu alipatana na kila mtu, ndugu zake leo hawasalimiani, na wanasema ni kwa heshima yake. Kuna mjane wa askari hapa mtaani ambaye tunalisoma jina la mumewe kila Desemba kwa sauti ya kutetemeka, na Januari hakuna anayebisha hodi kwake. Heshima ya namna hiyo imeshaliwa ndani, ndugu zangu. Ukiishika tu, mguu unabaki sakafuni.

Na kuna waliorudi. Tuwaseme leo. Wapo waliorudi na hawajarudi wote. Kuna anayeshtuka mlango ukibamizwa. Kuna anayekunywa, na sisi tunajua kuhesabu chupa zake kuliko tunavyojua kumsikiliza. Pengine ana neno la mtoto wako. Pengine amelibeba miaka yote, anasubiri jambo dogo, aambiwe kaa. Na wiki hii hii, wapendwa, tutaimba nyimbo nzuri juu ya mama mjamzito aliyezungushwa mji mzima akiambiwa hakuna nafasi. Tutawalaumu wale watu wa mji, kama kila mwaka.

Nilitaka nimalizie hapo, nifungue karatasi nisome. Lakini nimesimama hapa juu na naona vizuri kuliko ninyi mlioketi. Benchi hili la mbele, mkono wangu wa kushoto, tumeliwekea picha za vijana wetu watano na maua. Limependeza. Halina mtu. Na pale mlangoni naona watu wamesimama tangu wimbo wa kwanza. Mmoja wao namjua, ni mmoja wa waliorudi, amesimama pale pale mwaka wa nne sasa, na mimi mchungaji wake sijawahi kumwita. Dhambi hiyo ni yangu, naiungama mbele yenu.

Basi tufanye hivi. Mama zangu wenye picha hizi, njooni kila mmoja amchukue wa kwake, ampakate. Maua wekeni chini, hayatachukia. Ninyi wa mabenchi ya katikati, sogeeni, sogeeni tena, nafasi ipo. Na ninyi mliosimama mlangoni, piteni huku mbele mkae. Wewe pia, ndugu yangu. Hasa wewe. Njoo.

Sina haraka. Nitasubiri mpaka wa mwisho aketi, ndipo nitasoma majina.